Taa ya mimea chumbani: Moto huanzia kwenye plagi

Taa ya kukuzia mimea huwashwa saa 12 hadi 18 kila siku, wiki baada ya wiki. Ukiondoa friji, ni vifaa vichache vya nyumbani vinavyofanya kazi kwa muda kama huo, na hata friji hupumzika kila baada ya muda. Birika huchemsha maji kwa dakika nne au tano likazimwa. Pasi hunyoosha sare za watoto ikarudi kabatini. Soketi iliyolegea na waya mwembamba huzivumilia kazi fupi kama hizo kwa miaka, na hakuna anayejua kwamba ni vibovu. Vipe mzigo wa saa 16 mfululizo, ubovu utajitokeza, na pengine utajitokeza nyumba nzima ikiwa imelala.

Ndiyo maana kilimo cha taa kinahitaji kujadiliwa kama suala la nyaya kabla hakijajadiliwa kama suala la mboga. Wengi wanaonunua taa hizi huuliza itakuza nini, inauzwa bei gani na itakula umeme kiasi gani. Wachache huuliza kama ukuta watakaoichomeka unaweza kuibeba.

Kilimo hiki kimewafikia wasemaji wa Kiswahili kwa njia mbili. Ya kwanza ni ughaibuni. Mwishoni mwa Desemba, jua la London hukaa juu kwa muda usiofika saa 8, na la Stockholm kwa takriban saa 6 tu. Aliyezoea kuchuma mchicha, mnavu na pilipili mbuzi nyuma ya nyumba hana ujanja: ama anunue majani yaliyosafirishwa kwa ndege, ama apande mwenyewe jikoni au katika chumba cha chini ya nyumba, akitumia taa badala ya jua.

Njia ya pili iko hapa hapa kwetu. Katika majengo ya ghorofa yaliyobanana mijini, dirisha la chumba hutazama ukuta wa jirani, na jua la ikweta halisaidii kitu. Wapo wanaosia miche ya nyanya na hoho ndani, wapo wanaotunza maua, na wapo wanaouzia hoteli mboga changa zinazovunwa zikiwa na siku chache. Teknolojia yenyewe si ngeni. Miche ya migomba inayozalishwa kwa tishu katika maabara kama za Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, TARI Mikocheni jijini Dar es Salaam na Kawanda nchini Uganda huanza maisha ndani ya chupa, juu ya rafu zenye taa. Tofauti ni kwamba chumba cha maabara huwekewa nyaya kwa ajili ya kazi hiyo, ilhali chumba cha kulala kiliwekewa nyaya za balbu moja, redio na chaja ya simu.

Funzo la Surrey

Mji uliojifunza mapema na kwa gharama kubwa ni Surrey, katika jimbo la British Columbia, Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyumba nyingi za kawaida za jimbo hilo zilikuwa zimegeuzwa kwa siri kuwa mashamba ya bangi. Ndani yake kulining'inia taa za wati 1,000 kila moja, na mara nyingi umeme ulichukuliwa kabla ya kupita kwenye mita. Ripoti ya utafiti iliyotolewa mwaka 2005 ilikadiria kwamba nyumba ya namna hiyo ilikuwa na uwezekano wa kuungua mara 24 zaidi ya nyumba ya kawaida.

Kikosi cha zimamoto cha Surrey, wakati huo kikiongozwa na Len Garis, kilichagua njia ambayo haikuwa ya polisi. Kiliangalia nyumba zilizotumia umeme kupita kiasi, kikatuma askari wa zimamoto pamoja na mafundi umeme kukagua nyaya. Mwaka 2006 jimbo lilibadili sheria ili miji iweze kupata takwimu za matumizi ya umeme kutoka kwa kampuni inayousambaza. Kosa lililotafutwa katika ukaguzi ule lilikuwa la umeme, si la mmea.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa mwenye mchicha. Bangi na mchicha havina tofauti mbele ya waya. Kilichounguza nyumba zile ni mzigo mkubwa, wa muda mrefu, kwenye viungo dhaifu vilivyofungwa na mtu asiye fundi. Mambo hayo matatu yanaweza kukutana pia kwa mama anayekuza miche halali ya nyanya.

Joto linavyozaliwa

Mwaka 1841 Mwingereza James Joule alionyesha kanuni inayotawala jambo hili mpaka leo: umeme unaopita ukiongezeka mara mbili, joto linalozaliwa kwenye waya huongezeka mara nne. Ndiyo sababu waya ambao ni vuguvugu kwa taa moja unaweza kuwa wa moto kabisa kwa taa mbili.

Kujua kiasi cha umeme unaopita, gawanya wati kwa volti. Taa ya sodiamu ya wati 600 huchukua ampea 2.6 hivi kwenye umeme wetu wa volti 230. Ukiipeleka Marekani au Kanada, ambako soketi za kawaida zina volti 120, taa hiyo hiyo huhitaji ampea 5. Hivyo nyaya za ndugu yetu aliyeko Minnesota hubeba karibu mara mbili ya zinavyobeba za aliyeko Morogoro, kwa mwanga ule ule.

Kanuni za umeme za Marekani huuita mzigo wowote unaodumu saa 3 au zaidi kuwa mzigo wa mfululizo, na hutaka usizidi asilimia 80 ya uwezo wa breka. Kwa breka ya ampea 15 hiyo ni ampea 12, yaani wati 1,440. Chomeka hapo hita ya umeme ya wati 1,500, ambayo wengi huiwasha katika chumba cha chini wakati wa baridi, na kipimo kimeshapitwa kabla taa ya mimea haijawashwa. Mkazi wa Afrika Mashariki halazimiki kwa sheria hiyo, lakini shaba ya nyaya zake hufuata kanuni ile ile ya Joule. Akiichukua asilimia 80 kama mpaka wake, hatapoteza kitu.

Mzigo kupita kiasi, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu ya pili, yenye siri zaidi, ni kiungo kilicholegea. Chukua plagi iliyokaa vibaya kwenye soketi, yenye ukinzani wa omu 1 tu, na taa inayovuta ampea 5. Hapo panazaliwa joto la wati 25, karibu sawa na chuma kidogo cha fundi redio cha kuyeyushia risasi. Joto hilo liko ndani ya plastiki, mahali padogo kuliko kidole gumba, kwa saa 16. Chuma cha soketi hupoteza ukakamavu, kiungo hulegea zaidi, kutu ya joto huongeza ukinzani, na joto hupanda tena. Muda wote huo taa inawaka vizuri, mimea inang'aa, na mwenye nyumba hana habari.

Breka haioni kila kitu

Wengi hujifariji kwamba kukiwa na hatari, breka itakata. Breka hupima wingi wa umeme unaopita. Kiungo kilicholegea hakiuongezi umeme huo, bali huupunguza kidogo, kwa hiyo breka hukaa kimya huku soketi ikiungua. Kifaa cha RCD, ambacho mafundi wengine huita ELCB, hukata umeme unaovuja, kwa kawaida unapofika miliampea 30. Hicho ni muhimu mno penye maji na huokoa maisha ya mtu aliyeshika waya, lakini nacho hakikioni kiungo kilicholegea kama hakuna umeme unaovuja. Marekani hutumia pia kifaa cha tatu kinachotambua cheche, na kwetu si kawaida kukikuta majumbani.

Kinachobaki ni mkono wa mwenye nyumba. Baada ya taa kuwaka saa 3, gusa plastiki ya plagi, ubavu wa soketi na urefu wote wa kebo. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo kwa raha, au unasikia harufu kama ya samaki au ya plastiki, au soketi imegeuka rangi ya kahawia, usiguse zaidi. Zima umeme kwenye mein switchi na uite fundi. Tanzania, mafundi wa nyaya za majengo hupewa leseni na EWURA, na Kenya hupewa na EPRA. Una haki ya kuomba kuiona leseni hiyo.

Dhambi za ekstensheni

Ekstensheni ndiyo mshukiwa wa kwanza. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina matundu ya ampea 13 lakini kebo nyembamba ya milimita za mraba 0.75, ambayo huhesabiwa kuwa ya ampea 6. Kufika ampea 13 inahitajika kebo ya milimita za mraba 1.25. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye kebo yenyewe. Yale ya boksi ni matangazo.

Kuna pia nyaya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, hivyo kebo ya unene ule ule hupata joto zaidi. Fundi akikata kebo, mwambie akwangue ncha ya waya kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, si shaba. Sumaku ikiuvuta, umenunua chuma. Alama za ubora za TBS na KEBS zitafutwe kwenye bidhaa, na dukani paulizwe risiti, kwa sababu bila risiti huna pa kurudisha.

Kuichomeka ekstensheni moja kwenye nyingine ni kuongeza viungo, na kila kiungo ni mahali pa joto. Kebo iliyozungushwa kwenye kibiringo hushindwa kutoa joto lake. Ndiyo maana vibiringo vingi vimeandikwa uwezo wa aina mbili, mdogo ikiwa kebo imezungushwa na mkubwa ikiwa imenyooshwa yote. Kuificha kebo chini ya zulia ni kuifunika blanketi.

Halafu kuna tabia ambayo kila nyumba yetu inaijua. Taa imeagizwa kutoka nje na plagi yake ina miguu miwili. Soketi ina matundu matatu. Mtu huchukua kalamu ya biki, akachokoa tundu la juu, vifuniko vikafunguka, plagi ikaingizwa kwa nguvu. Imeingia, lakini haikushikwa. Hugusa chuma kwa ncha tu, na kama taa ilitakiwa kuwa na waya wa ethi, ulinzi huo umekwisha. Badili plagi, uweke ya miguu mitatu yenye fyuzi inayolingana na mzigo. Taa ya LED ya wati 200 haihitaji fyuzi ya ampea 13. Ya 3 inatosha. Na anayezungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ameondoa mlinzi akaacha mlango wazi.

Taa, maji na makumbi

Taa zenyewe hazifanani. Kioo cha balbu kubwa ya sodiamu au ya metali halidi huwa na joto la kutosha kuunguza karatasi, ambayo hushika moto kwenye nyuzi 230 hivi za Selsiasi. Bomba dogo ndani ya balbu ya metali halidi huwa moto zaidi, na balbu iliyotumika kupita umri wake inaweza kupasuka. Tone la maji baridi linaweza kukipasua kioo cha nje. Anayetumia balbu hizi aziweke ndani ya kifuniko kilichotengenezwa kwa ajili yake, na azibadilishe kabla hazijachoka.

LED ni salama zaidi kwa sababu hugeuza sehemu kubwa zaidi ya umeme kuwa mwanga, lakini si baridi. Joto lake hutokea mgongoni na kwenye kisanduku cha kugeuza umeme, kinachohitaji hewa. Tahadhari na namba: taa iliyoandikwa "1000W" kwa bei ya chini mara nyingi huvuta sehemu ndogo tu ya hizo, namba kubwa ni ya kunadi. Tafuta palipoandikwa umeme inaovuta hasa. Alama ya UL au ETL huonyesha kuwa maabara huru imeipima. Alama ya CE, kwa vifaa kama hivi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Namna ya kuitundika ina uzito sawa. Wafugaji wa kuku wanaufahamu msiba wa balbu ya kupasha vifaranga inayoanguka kwenye maranda. Taa ya mimea itundikwe kwa minyororo miwili ya chuma, si kwa kamba ya nailoni wala kwa waya wake wa umeme. Iwe mbali na pazia, chandarua, maboksi na godoro la sponji, ambalo likiwaka hutoa moshi wenye sumu inayoua haraka kuliko ndimi za moto.

Maji hufuata waya. Acha kila kebo ishuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likifika pale chini lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Ekstensheni ipigiliwe ukutani, juu ya usawa wa ndoo na trei. Maji ya mbolea ni mabaya kuliko maji matupu: yakikauka juu ya soketi huacha chumvi inayopitisha umeme kila inapopata unyevu.

Mbolea kavu nayo isikae kwenye rafu ya taa. Naitreti ya potasiamu, inayotumiwa sana na wanaopanda bila udongo, ndiyo chumvi iliyotumika tangu zamani kutengeneza baruti. Haiwaki yenyewe kirahisi, lakini huupa moto oksijeni. Iwekwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na joto, karatasi na mafuta.

Kuhusu vumbi la makumbi ya nazi, ambalo sasa huuzwa kama udongo wa kisasa, mtu wa Pwani hahitaji somo. Likiwa bichi ni salama. Likikauka hushika moto polepole, hufukuta bila mwale kwa saa nyingi, kisha hulipuka pakipata upepo. Udongo wa mboji uliokauka hufanya vivyo hivyo. Chungu cha maua si kibweta cha majivu. Asiyeacha sigara aizimie kwingine.

Ratiba na njia ya kutokea

Mmea unaohitaji saa 16 za mwanga haujali zinaanza saa ngapi. Wapo ughaibuni wanaowasha usiku kwa sababu umeme wa usiku ni nafuu. Unafuu huo unamaanisha kwamba mzigo mkubwa uko kazini wakati hakuna anayenusa harufu. Weka kidhibiti muda kiwashe saa 12 asubuhi na kuzima saa 4 usiku: saa 16 zimetimia, na zote zimeangukia wakati watu wako macho. Kidhibiti chenyewe kiwe cha uwezo unaozidi mzigo, na taa isiachwe ikiwaka nyumba ikifungwa kwa safari. Umeme ukikatika, zima taa kwenye soketi na usubiri utulie baada ya kurudi.

Funga king'ora cha moshi nje ya vyumba vya kulala na kingine karibu na chumba cha mimea, lakini si juu ya unyevu wake, usije ukakichoka kwa kelele za bure ukakitoa betri. Kijaribu kila mwezi, kibadilishe baada ya miaka 10.

Nyumba zetu zina tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana: nondo za madirisha na geti lenye kufuli. Mimea isiwekwe kati ya kitanda na mlango. Funguo ziwe mahali pamoja panapojulikana na kila mtu, pamoja na watoto na msaidizi wa kazi. Dirisha moja, ikiwezekana, liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani.

Moto ukianza, kata umeme kwenye mein switchi kama unaifikia bila kupita kwenye moshi. Usimwage maji juu ya kitu chenye umeme. Tumia kizima moto cha unga mkavu au cha kabonidayoksaidi. Kama haukuzimika mara moja, toeni watu, fungeni mlango wa chumba hicho ili kuunyima hewa, na pigeni simu mkiwa nje: 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya, 999 Uingereza, 112 katika nchi za Umoja wa Ulaya, 911 Marekani na Kanada. Hakuna mche wala taa ya kurudiwa ndani.

Kabla ya kununua taa, basi, mlipe fundi mwenye leseni akague soketi utakayoitumia, akaze skrubu zake, na akuwekee RCD kama hakuna. Kama mfuko hauwezi vyote viwili mwezi huu, anza na fundi. Taa isubiri mwezi ujao.